Mama Mkwe Ng'ambo ya Msumeno

Siku Mbuyu alipoleta posa, Mama Mushiya alipata mkwe na kupoteza fundi. Fundi mwenyewe hakwenda popote. Kesho yake asubuhi alikuwa kazini kama kawaida, kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akipiga mluzi. Ila sasa hakuwa tena mtu wa kutazamwa.

Kwa miaka mingi wawili hao walifanya kazi uso kwa uso katika karakana ya Mama Mushiya, mtaa wa Manika, Kolwezi. Kati yao kulikuwa na mashine, meza pana ya chuma yenye msumeno wa duara unaochomoza katikati. Mama alisimama upande huu akisukuma ubao, Mbuyu alisimama upande ule akiuvuta. Marehemu Ngeleka, mume wa mama, ndiye aliyeinunua mashine ile kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na ndiye aliyeipa jina la Masela Agnès, yaani Mtawa Agnès, kwa sababu mtawa aliyemfundisha katekisimu utotoni alikuwa na sauti kali vilevile na hakusamehe kosa hata moja. Figo ndizo zilizomuua Ngeleka, si Masela, lakini alizikwa na vidole vinane na nusu. Pale kaburini Mama Mushiya aliapa kwamba binti yao Kabedi hataolewa na mwanamume mwenye hesabu pungufu.

Mbuyu alikuwa na vidole kumi, adabu ya kutosha, na kicheko kilichoanzia tumboni. Alikuwa mtoto wa Kabongo, kaskazini ya Katanga. Mama Mushiya na watu wake walikuwa wa asili ya Kasai. Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga wanaweza kubishana juu ya kila kitu, kuanzia namna ya kusonga bukari, yaani ugali, mpaka nani alitoka kwa nani, lakini likija suala la mama mkwe wote ni kitu kimoja. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Akimwona njiani anaingia majanini. Haongei naye moja kwa moja, wala hali chakula machoni pake. Na mama naye akisikia kikohozi cha mkwe hujifunika kikwembe chake kichwani na kupotea.

Mlinzi wa mila hiyo alikuwa Tata Tshilombo, ndugu wa marehemu, karani mstaafu mwenye tumbo na miwani. Mila nyingine alikuwa ameziacha njiani moja moja bila kugeuka nyuma. Hii aliishika kwa mikono miwili, pengine kwa kuwa yeye haikumtaabisha. Alieleza pia namna ya kuimaliza: mkwe alete mbuzi jike, mbuzi wa kufungua macho. Tata akimkubali mbuzi, mama akiwa hapohapo, basi siku hiyo macho yanafunguliwa. Mama anaweza kumtazama mkwe wake, kuingia nyumbani kwake, kula kwake, kulala kwake, kuwabeba wajukuu. Bila mbuzi, hata kizingiti cha binti yake haruhusiwi kukivuka.

Zamani mbuzi huyo alikuja polepole, baada ya mtoto wa kwanza, watu wakiwa wameshiba na kutulia. Lakini huu ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Migodi ilikuwa imenyamaza, na vijana walipita barabarani wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Mama Mushiya alizaliwa Kolwezi, na Kabedi naye akazaliwa Kolwezi. Kasai aliijua kwa nyimbo za mama yake tu. Haikusaidia kitu. Nyumba za jirani zilivunjwa milango, familia nzima zililala stesheni katikati ya magodoro na masufuria zikingoja treni, na Tata Tshilombo aliamua kwamba itakayokuja, watapanda. Kabedi hatapanda. Padre aliwafungisha ndoa yeye na Mbuyu haraka haraka, na mke wa mtoto wa Kabongo, watu walisema, ataguswa na nani? Walilisema kwa sauti kubwa mno, kama watu wanaojituliza wenyewe.

Basi kilichobaki ni mbio za mbuzi na treni. Treni ikimtangulia mbuzi, Mama Mushiya angeondoka na macho yaliyofungwa, na nyumba ya mtoto wake wa pekee ingefungwa kwake, pengine mpaka kufa.

Ungedhani watu wa namna hiyo watashinda wakilia. Walilia, ndiyo, ila kazi iliwazidi. Kila aliyefukuzwa alitaka sanduku la mbao la kutilia vitu vyake, na karakana ya Manika haikuwahi kuwa na wateja kama siku zile. Mama Mushiya alijishangaa mwenyewe. Kicheko kilikuwa kimemkaa hapa kooni, jambo dogo likimgusa kinatoka, kisha anaona aibu, kisha kinatoka tena. Aliogopa, alikasirika, na bado alicheka.

Na ingekuwaje rahisi kutocheka? Watu wawili wanapasua ubao mmoja na hawaruhusiwi kuangaliana. Siku za kwanza Mbuyu alisimama upande wake wa mashine akiwa amegeuza mgongo, akauvuta ubao kwa mikono iliyopelekwa nyuma, kama mtu anayefunguliwa pingu. Ubao ulikwenda ulikotaka. Sanduku la kwanza lilipata mfuniko uliokaa upande kama kofia ya mlevi, na la pili halikufunga kabisa. Lakini mbao zilizoharibika hazikumkosesha Mama Mushiya usingizi. Vilimkosesha vile vidole, ambavyo kila ubao ulipokaribia kwisha vilipapasa hewani karibu na meno ya msumeno, bila macho.

Kumwambia hakuweza. Alimwambia mashine.

"Weye Masela," alisema, "ambia ule muntu anasimama kule, mikono yake iko karibu sana na meno yako."

"Masela, ambia mama, minaona," mgongo wa Mbuyu ulijibu.

"Muulize anaona na nini. Na kisogo?"

Ikawa ndiyo njia yao. Masela Agnès, ambaye tangu atoke kiwandani hakuwahi kubeba ujumbe wa mtu, sasa alibeba maagizo, malalamiko, salamu za asubuhi na hata habari za Kabedi kutapika nyama ya makopo.

Pazia lilikuwa wazo la mama mwenyewe, na hakulikana hata baadaye. Alichukua kikwembe chake kizuri, cha rangi ya bluu na samaki wa njano, akakitundika darini juu ya mashine, upindo wake ukiwa juu kidogo tu ya ubao. Sasa Mbuyu angeweza kugeuka mbele na kuona mikono yake. Asubuhi nzima kazi ilikwenda vizuri, na mama alianza kujisifu kwa Masela. Mchana upepo wa kiangazi uliingia mlangoni bila hodi, ukakipeperusha kikwembe, na msumeno ukaung'ata upindo wake.

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Kikwembe kilizunguka na kumezwa, kamba ikakatika, dari ikalia, ubao ukabanwa na kurushwa nyuma, ukapita ubavuni mwa mama na kuupasua mtungi wa maji ukutani. Wote wawili walijitupa chini. Na pale chini, pazia likiwa limekwenda, hakukuwa na kitu tena kati ya uso na uso. Mtu mwenye akili angefunika kichwa. Wao walifunika macho. Kabedi alipokuja mbio kutoka uani aliwakuta hivyo, mama yake huku na mume wake kule, wamelala kifudifudi kwenye maji na vumbi la mbao, viganja machoni, na Masela Agnès akipiga kelele juu yao na samaki wa njano mdomoni. Kabedi ndiye aliyeshusha swichi.

Kabedi alitaka kulia. Aliangalia tena, akakaa chini na kucheka mpaka akashika mbavu, na Mama Mushiya, aliyekuwa amekwisha kuandaa ukali, alicheka naye. Kisha kicheko kilimkatika, kwa maana aliiona alama ambayo ubao uliacha ukutani, na ilikuwa kwenye kimo cha tumbo lake.

Jioni hiyo walifanya mkutano, mama nyuma ya ukuta, Mbuyu mbele ya ukuta, Kabedi mlangoni akibeba maneno. Mama alisema kitambaa na msumeno havikai nyumba moja, na kwamba yeye aliyekiweka ndiye mjinga. Alisema mila ataiheshimu. Ila tangu kesho mashine ndiyo itakayopinda, si mgongo wa mkwe. Mbuyu alituma kusema kwamba ana mawazo, na mama alituma kusema alete.

Alileta sanduku. Si la msafiri. Lilikuwa sanduku dogo la mbao lisilo na sakafu, lililoning'inia juu ya msumeno kwa mkono wa chuma na kuufunika wote, mdomo wake wa mbele ukiinuka kiasi cha unene wa ubao tu. Juu ya sanduku alisimamisha ubao mpana, mwembamba, uliofika juu ya vipaji vya nyuso zao. Uso haukuona uso. Kila mmoja aliona mikono yake na mbao zake. Nyuma ya msumeno alifunga ulimi mwembamba wa chuma, ili mpasuo usijifunge na kuubana msumeno, na mbao zisirushwe tena.

Mama naye aliongeza ya kwake. Kuvuta alikupiga marufuku. Ubao wa kuvutwa na mtu ndio unaokwenda upande, alisema, na anayevuta ndiye anayepeleka vidole vyake kwa Masela. Walitengeneza meza ya pili nyuma, yenye vipande vya bomba vinavyozunguka, ubao ukateleza juu yake wenyewe. Sasa lazima ubao uongozwe, basi wakafunga ukingo mnyoofu wa mbao ngumu ya mulombwa kando ya msumeno, na Mbuyu aliupima mbele na nyuma mpaka vipimo viwili vikawa kimoja. Wakatengeneza kitana cha mbao, meno yake yamelala, kinachoukandamiza ubao kwenye ukingo, kikauruhusu kwenda na kukataa usirudi. Na kwa kipande cha mwisho, pale ambapo Ngeleka aliacha kidole na nusu, mama alichonga kijiti cha kusukumia chenye mdomo kama wa kasuku. Mkono wake haukulikaribia tena jino.

Yaliyotokea hawakuyatazamia. Walijenga yote hayo kwa ajili ya kuoneana haya na kuokoa vidole, na mbao zikanyooka. Asubuhi moja mama alisikia kicheko cha tumboni ng'ambo ya ubao, kirefu, cha mtu mmoja.

"Masela, muulize anachekea nini."

"Ambia mama, mifuniko yote inaingia mu masanduku yote."

Mama aliacha kijiti, akazunguka upande wake mwenyewe na kuchukua mfuniko huu na sanduku lile. Uliingia. Akachukua mwingine kwa sanduku lingine. Ukaingia, na ukatoa ile pumzi ndogo ya hewa ambayo mbao hutoa zinapopendana. Katika maisha yote ya Ngeleka, Mungu amlaze pema, kila mfuniko ulijua sanduku lake tu, na hilo lenyewe kwa kupigwa nyundo. Mama Mushiya alicheza hapo kwenye takataka za randa, peke yake, mikono kiunoni, na alijua kwamba ng'ambo kuna mtu anacheza pia kwa sababu miguu ilisikika.

Tata Tshilombo hakucheza. Alipoiona mashine na kabati lake aliuliza kama Masela naye anasafiri. Ndugu yake, alisema, alifanya kazi bila makorokoro hayo. Mama Mushiya alimjibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, shemeji, na kidole chake na nusu hatukujua tukiwekee wapi msalaba.

Kosa la pili nalo lilikuwa la mama, na lilikuwa kubwa kuliko pazia. Umeme siku zile ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Alasiri moja alikuwa amesimama na ubao nusu ya njia, umeme ukakatika, Masela akanyamaza. Mama akautoa ubao. Papo hapo alisikia kikohozi cha Mbuyu mlangoni, akitokea nje kununua misumari. Mama alijifunika kikwembe kichwani akatokomea kwa mlango wa nyuma, mbio mbio, kama mama mkwe mwema. Swichi aliiacha juu.

Mbuyu hakuwa peke yake. Tata Tshilombo aliingia naye, karanga mkononi, akitaka kuzungumza juu ya mbuzi. Akatafuta kiti. Viti vyote vilikuwa vimechukuliwa na wasafiri. Akaiona ile meza ya chuma, iliyotulia, ya baridi, na lile sanduku katikati yake lenye kimo cha kuegemea, akapanda akaketi, akaweka mgongo kwenye sanduku na kusema kwamba kumbe kabati hili lina faida. Akaanza kueleza. Mbuzi awe jike. Asiwe kilema. Asimame kwa miguu yote minne bila kuyumba, maana mbuzi anayeyumba ni tusi kwa mama. Alifika hapo kwenye kuyumba, karanga mdomoni, umeme ukarudi.

Masela Agnès aliamka ndani ya sanduku na kupiga kelele moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa Tata Tshilombo. Karanga zilinyesha karakana nzima. Mzee ambaye hakuwa amekimbia tangu uhuru aliruka akapita juu ya rundo la mbao na kutua kwenye takataka za randa, miwani imegeuka nyuma ya kichwa. Mbuyu akashusha swichi. Ndipo Tata akapeleka mikono miwili nyuma, taratibu, akajipapasa upande huu na upande huu, kama msafiri anayehakikisha mizigo yake. Yote ilikuwepo.

Mama Mushiya alikuwa nyuma ya ukuta, na aliposikia mlio ule alielewa papo hapo. Bila lile sanduku la Mbuyu, shemeji yake angekuwa amekaa juu ya meno wazi, na aliyemketisha ni yeye. Alisema bila kujitokeza, na safari hii hakupitia kwa mashine:

"Ni mi. Nilikimbia juu ya haya, nikaacha masini na swichi juu."

Hakuna aliyemlaumu. Lakini yeye alijilaumu usiku na mchana, na sheria aliyoitunga baadaye aliitunga kwa ajili yake mwenyewe: kwanza masini, kisha haya. Umeme ukikatika, au mkwe akikohoa, au nyumba ikiungua, swichi inashushwa na mfuniko wa sufuria unatundikwa juu yake ili kila mtu auone. Baada ya hapo ndipo utakimbia unakotaka. Mbuyu alijifunza kukohoa na kungoja nje mpaka asikie kengele ya mfuniko. Na Tata Tshilombo, waongofu ndio wakali, akawa padre wa dini hiyo mpya. Aliingia karakana kila siku, akautazama mfuniko kwanza, akawasalimia watu baadaye.

Mbuzi tu ndiye aliyekosekana. Kolwezi nzima mbuzi walikuwa wameliwa au wamefichwa. Mbuyu alipanda juu ya lori mpaka Fungurume, na huko alimpata, jike, paji jeupe, miguu minne ya kuaminika. Akarudi naye mapajani. Kwenye kizuizi cha barabarani watu wenye bunduki walisema mbuzi lazima akaguliwe. Mbuyu alingoja ukaguzi, na baada ya muda ukaguzi ulianza kunukia pilipili. Alifika Manika na kamba tupu mkononi. Kabedi alipompa mama yake habari hiyo, mama alicheka neno la pilipili, halafu aliona hawezi kuendelea, akaingia ndani na kufunga mlango.

Na siku iliyofuata, alfajiri, treni ilipiga honi. Stesheni haikuwa mbali. Mtaa mzima ulisikia. Ingeondoka mchana.

Mama Mushiya alifunga mizigo yake. Alikunja, akakunjua, akakunja. Sufuria, Biblia, picha ya Ngeleka aliyeficha mkono wa kushoto nyuma. Alijiambia kwamba watu wengine wamepoteza zaidi. Ilikuwa kweli, na haikumpunguzia kitu. Alitaka kumtazama machoni mtu anayemwachia mtoto wake, katikati ya watu wanaoimba barabarani; alitaka kujua kama anaogopa, na kama ataogopa na kukimbia au ataogopa na kubaki. Hilo huwezi kumwagiza Masela akuulizie.

Karakana ilikuwa na kelele tangu umeme uliporudi. Masela aliimba mikato mifupi mifupi, akanyamaza, ikasikika patasi, ikasikika tupa. Hatimaye Kabedi akaja, mikono myekundu kwa vumbi la mulombwa, na kusema wanaitwa, mama na Tata.

Mama aliingia kwa mlango wake, akatundika mfuniko juu ya swichi kwa mkono wake mwenyewe, na kusimama upande wake wa ubao. Tata Tshilombo aliutazama mfuniko, akauona umetundikwa, akakaribia. Kwenye meza ya chuma alisimama mbuzi. Alikuwa wa mulombwa, mwekundu kama tofali, kimo cha kuku aliyesimama, masikio yameanguka, kiwele kimechongwa wazi ili pasiwe na ubishi.

"Hii ni mbao," alisema Tata.

"Ni mbao, njo vile, Tata," alisema Mbuyu. "Ulisema ikuwe muke. Ulisema isikuwe kilema. Ulisema isimame na miguu yote ine. Haukusema ikule majani."

Tata Tshilombo alivuta pumzi ya mtu anayetaka kukasirika kwa haki. Alitoa karatasi ya sigara mfukoni, karatasi nyembamba kuliko haya ya vijana wa leo, akainama mpaka miwani ikagusa chuma. Akajaribu kuipitisha chini ya kwato la kwanza. Haikupita. La pili, haikupita. Alizunguka mashine. Aliukandamiza mkia, akaikandamiza pua, akamsukuma mbuzi kwa kidole kimoja kutoka kila upande akitafuta ule mtikisiko mdogo ambao kila kiti cha Kolwezi kilikuwa nao, hata viti vya kanisani. Mbuzi alisimama. Nje watu walikuwa wanapita na mizigo kuelekea stesheni. Mama Mushiya, ng'ambo, aliona mikono tu: mikono minene ya shemeji ikitafuta kosa, na mikono mingine miwili, imetulia juu ya chuma, ikingoja.

Tata alinyooka, mkono mmoja ukamwenda nyuma wenyewe, ukajipapasa.

"Imesimama," alisema. "Mushiya, fungua macho."

Mama alizunguka mashine. Miaka yote hakujua kwamba mzunguko wa Masela Agnès ni mrefu hivyo. Alipofika, Mbuyu alikuwa bado ameinamisha kichwa, kwa mazoea, na ikabidi Kabedi amwinue kidevu kwa mkono. Kidevu hicho kilikuwa na ndevu. Ndevu nyingi, zenye vumbi jekundu, zilizoota tangu posa, ambazo Mama Mushiya hakuwahi kuziona maishani mwake.

Alicheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye meza, na Mbuyu akaanza, na hata tumbo la Tata likaanza. Kabedi alisema hakuna aliyemficha, ni mama tu ambaye hakuuliza. Kisha mama alijifuta, akamtazama sasa kwa kweli. Macho ya mkwe wake yalikuwa na hofu, nyingi, na hayakuondoka mbele ya macho yake.

"Leta mikono," alisema.

Mbuyu akaileta. Mama akavihesabu, kidole kwa kidole, vyote kumi, kisha akaifunga mikono ile ndani ya yake.

Stesheni ilikuwa kelele na vumbi. Mabehewa yalikuwa wazi, ya kubebea mawe, na watu walipanda juu ya mizigo yao. Masanduku ya Manika yalijulikana hata kwa mbali, maana yalipangana kama matofali bila kuacha nafasi, na watoto walikalishwa juu yake bila kuteleza. Mama Mushiya aliketi juu ya moja, mbuzi mapajani. Jirani alimwuliza kama mnyama huyo hatachafua behewa, akamjibu kwamba huyu ana adabu kuliko wote humu. Kabedi alisimama chini ameushika mkono wa mama yake, na Mbuyu kando yake, uso juu, akimtazama mama mkwe mbele ya watu wote, akionja uhuru wake.

"Ule ubao wa katikati, sitautosha, utabakia pale," alisema. "Kila siku nitajua mama eko ng'ambo."

Treni ilijikunja na kujinyoosha, vyuma vikagongana. Mama Mushiya alihisi kitu kikimpanda kifuani, na safari hii hakikuwa kicheko. Mbuzi hufungua macho ya kutazamana. Hakuna mbuzi, wa nyama wala wa mbao, anayemruhusu mama kumlilia mkwe wake usoni. Akamwinamia.

"Mbuyu. Swichi ya Masela, ulishusha?"

Alimwona akisimama na mdomo wazi. Alimwona akifikiri: alfajiri, umeme, mbuzi, ndevu, vicheko. Kisha uso ukambadilika, akageuka, akaanza kukimbia kuelekea Manika, akiruka mizigo na miguu ya watu, shati likipepea, bila kuangalia nyuma.

"Mama," alisema Kabedi, "si weye mwenyewe ulitundika mufuniko?"

"Ni mi," alisema Mama Mushiya, na akalia sasa, kwa sauti, bila kujifunika, akiushika mkono wa mtoto wake mpaka treni ilipouchukua. Mgongo wa Mbuyu aliuona kwa mbali, ule mgongo aliouzoea, ukipinda kona. Ataingia karakana akihema, ataukuta mfuniko mahali pake, na ataelewa.